Pilipili Iliyoonjwa kwa Ulimi wa Kuazima

Vijana wangu wa Chiungutwa, juzi mlipokuja kwangu na ile chupa ya pilipili mmeifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga aliyepandishwa bodaboda, mlinisalimia vizuri, nikaitikia marahaba, mkanipa kijiko nionje. Nikaonja. Mkaniuliza wote kwa pamoja, "Bibi, ni tamu?" Mimi nikanyamaza, kisha nikawauliza kama mnakunywa chai. Niliona mlivyotazamana. Mliondoka mmenyong'onyea, mkidhani kikongwe kaidharau kazi yenu.

Sivyo. Kunyamaza kwangu kulikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni ndefu kuliko kikombe cha chai. Ndiyo maana nimekaa kuwaandikia, msome kwa nafasi, na wengine wanaoanza kazi hii wasome pia.

Nimepika katika hoteli hapa Masasi tangu binti yangu Zuhura akiwa mgongoni mpaka yeye mwenyewe akaitwa mama. Ninaposema hoteli msifikirie vitanda na mashuka. Yetu ilikuwa meza za mbao na mabenchi karibu na stendi, ugali, wali, maharage, nyama siku ya nyama, na katikati ya kila meza chupa ya pilipili. Mwenye hoteli alikuwa Baba Rashidi, mtu wa hapa hapa Masasi, mcheshi asubuhi na mkali ikifika saa ya wateja.

Lakini nianze na mikono, maana niliiona mikono ya yule mrefu kati yenu, imevimba vidole. Mwanangu, pilipili kichaa haishikwi na mikono mikavu. Jipake mafuta ya nazi kwanza, mpaka katikati ya vidole na chini ya kucha. Ukimaliza, jipake mafuta tena, jisugue na jivu, ndipo unawe kwa sabuni. Ukikimbilia maji peke yake unausambaza moto tu. Na usiguse jicho, wala usimbebe mtoto, wala usiende chooni kwa haraka. Hilo la mwisho halihitaji maelezo. Kila mpishi hulifanya kosa hilo mara moja katika maisha yake.

Halafu kinu. Kinu cha pilipili kiwe cha pilipili tu. Siku moja mpishi mgeni pale hotelini alitwanga karanga za kisamvu kwenye kinu chetu cha pilipili, bila kuuliza. Ilikuwa chakula cha harusi. Wageni walikula huku machozi yanawatiririka, na mpita njia mmoja akasimama, akavua kofia, akauliza kwa upole ni nani aliyefariki.

Aliyenifundisha haya yote ni Bi Somoe. Alikuwa mtu wa Newala, mama mrefu, mkavu, mwenye chale za kizamani mashavuni, na ndiye aliyekuwa akitengeneza pilipili ya hoteli yetu. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, pilipili na achari, na madereva wa malori walikuwa wakimjua kuliko walivyomjua mwenye hoteli. Mimi nilikuwa mpishi wa maharage na ugali, kijana bado. Aliniita Mama Zuhura, na akifurahi aliniita mwanangu.

Watu wa Masasi walipenda kumtania kwa habari ya maji. Mnajua Newala ilivyokuwa: maji yalikuwa chini bondeni, mwanamke anashuka mteremko alfajiri na kupanda na ndoo jua likiwa limeshapanda kabla yake. Baba Rashidi humwambia, "Ninyi wa Newala mnaoga kwa kikombe." Bi Somoe hamwangalii hata usoni. "Na ninyi wa Masasi mna maji mengi, Baba Rashidi, mpaka kwenye mchuzi."

Lakini katika uchache huo wa maji ndimo ufundi wake ulimotoka, na hapa nisikilizeni vizuri. Bi Somoe aliosha pilipili mara moja, akazifuta moja moja kwa kitambaa, akazitandaza kwenye ungo kivulini mpaka zinyauke ngozi. Maji mabichi ndiyo adui wa pilipili ya chupa. Tone moja lililobaki kwenye kikonyo, au kwenye chupa isiyokauka, linatosha kuotesha ukungu. Sisi wa Masasi tuliokulia kwenye visima tulikuwa tunasuuza chupa na kujaza hapo hapo, zinatiririka. Yeye alizichemsha, akaziinamisha juani, na hakujaza mpaka aweke kidole ndani na kukitoa kikavu.

Pilipili yake ilikuwa hivi. Pilipili kichaa nyekundu zilizonyauka, na pilipili mbuzi chache kwa ajili ya harufu. Saumu. Chumvi. Vyote vinatwangwa, si mpaka viwe uji. Mbegu ikipondwa sana inaleta uchungu. Ukwaju uliolowekwa kwa maji ya moto na kuchujwa uwe mzito. Unachanganya kwenye chungu, unapika kwa moto mdogo. Ukiipua, ndipo unakamulia ndimu, si kabla. Kisha unailaza humo humo chunguni usiku kucha imefunikwa, na asubuhi unaipasha ichemke tena, ndipo unajaza chupa. Alisema isipolala, kila kitu ndani yake bado kinagombana.

Sasa nifike kwenye miaka ninayotaka kuwasimulia. Ninyi hamkuiona miaka ya kukosa, kabla ya ruksa ya biashara, duka lina rafu na rafu hazina kitu. Sufuria ilizibwa na fundi mpaka viraka vikawa vingi kuliko sufuria. Chupa tupu ilikuwa zawadi. Halafu biashara ikaachiwa, na vitu vikaanza kushuka kutoka kwenye malori kama mvua ya kwanza: ndoo za plastiki za kila rangi, sahani, termosi, sufuria za alumini mpya zinazong'aa mpaka unajiona meno. Na wanunuzi wa korosho, ambao zamani hatukuwajua, wakaanza kuja wenyewe msimu ukikaribia, na madereva wao, na matanboi wao wa kupakia mizigo, wote wenye njaa.

Na pilipili ya dukani ikaja. Nyekundu, laini, tamu ya sukari, chupa ina picha ya nyanya. Hoteli mpya ya ng'ambo ya barabara ikaiweka kwenye kila meza, pamoja na viti vya plastiki, na wateja wetu wakaanza kuvuka barabara.

Baba Rashidi alikaa na jambo hilo kwa muda, kisha akamwita Bi Somoe nami nikiwa jikoni nasikia. Aliongea kwa heshima. "Bi Somoe, nitaweka chupa mbili kila meza. Yako na ya dukani. Wanunuzi wakija, tutaona ipi inakwisha. Ikibaki yako, sitaweza kumweka mtu jikoni kwa ajili ya pilipili peke yake. Nitaumia, lakini sitaweza."

Bi Somoe akasema, "Nimesikia."

Nilijua kwa nini sauti yake ilikuwa ndogo. Mjukuu wake, Issa, alikuwa jandoni kule Newala, na ni yeye bibi aliyekuwa akimlea. Siku ya kutoka, mtoto hutoka na nguo mpya kuanzia juu mpaka chini, watu wamejipanga wanatazama. Bi Somoe angekosa kazi msimu huo, Issa angetoka mbele ya Newala nzima na shati la mwaka jana.

Na palikuwa na jambo lingine zito zaidi. Kwa ukoo wao, bibi mwenye mjukuu jandoni haonji pilipili wala chumvi mpaka watoto watoke. Anakula chakula kitupu. Koo nyingine zina makatazo yao, yake lilikuwa hilo. Aliniambia wazi, "Mjukuu wangu yuko kwenye dawa. Nikilamba pilipili hapa, kidonda kinawaka kule."

Madereva walimchokoza. Selemani, wa lori la Nanganga, alikuwa hodari wa maneno. "Shikamoo Bi Somoe. Onja kidogo tu, mtoto hatajua!"

"Marahaba. Yeye hatajua. Kidonda kitajua."

Basi katika mwezi ambao kazi yake yote ilikuwa mizanini, fundi wa pilipili alikuwa hana ulimi. Alinitazama akaniambia, "Mama Zuhura, utaniazima wako."

Siku ya kwanza nilionja, nikasema, "Ni tamu, Bi."

"Tamu ni nini?"

"Ni nzuri."

"Nzuri ni nini? Sikukuuliza kama unanipenda. Nimekuuliza inakupiga wapi."

Akanishika kidevu kama daktari wa meno. "Chumvi iko mbele hapa, kwenye ncha. Ukwaju unakamata taya, huku pembeni, mpaka mate yanakuja. Saumu inabaki nyuma baada ya kumeza. Pilipili yenyewe inaanza kooni, halafu inapanda masikioni. Onja tena, uniambie ipi imefika kwanza na ipi imechelewa."

Hilo, vijana, ndilo somo langu kubwa kuliko yote niliyopewa jikoni. Tangu siku hiyo niliacha kuonja kwa kupenda, nikaanza kuonja kwa kusikiliza. Nikamwambia, "Chumvi imetangulia, ukwaju hauonekani." Akaongeza ukwaju. "Sasa taya linakaza, lakini masikio bado." Akaongeza pilipili. Na yeye mwenyewe hakuwa amekaa bure. Alinusa. Aliinamisha sikio juu ya chungu. Ikiwa bado nyepesi inachemka haraka haraka kama watu wanaobishana. Ikiiva inasema po, inanyamaza, inasema po. Alijua wakati wa kupunguza moto kwa kusikia tu.

Wanunuzi walipokaribia, tulihitaji kupika nyingi kwa mara moja. Na hapa Bi Somoe alifanya jambo ambalo kila mwanamke wa miaka ile angelifanya. Alipita dukani, akaona sufuria kubwa ya alumini imening'inizwa mlangoni, inageuka taratibu na jua ndani yake, akarudi na kumsihi Baba Rashidi mpaka akainunua. Mtu aliyepika nusu ya maisha yake kwenye viraka, utamwambia nini? Aliifuta kwa upindo wa kanga. Alicheka. Chungu chake cha zamani akakiweka nyuma ya jiko.

Wiki mbili tukakusanya na kunyausha pilipili za kutosha, ndipo tukapika. Ikachemka vizuri, ikasema po. Na kama desturi yetu, tukaifunika tukailaza humo humo.

Asubuhi nilifunua. Rangi ilikuwa imefifia, imekuwa kama matofali ya zamani. Nikaonja, nikasimama.

"Inakupiga wapi?" akauliza.

"Bi, haijanipiga popote ninapopajua. Ni kama nimelamba ufunguo."

Hakuuliza mara ya pili. Alimimina pilipili yote kwenye ndoo, akaigeuza sufuria kwenye mwanga. Ndani, pale ukwaju ulipolala, mng'aro ulikuwa umeliwa, pana madoa ya kijivu. Ukwaju, chumvi na ndimu vilikuwa vimekula sufuria usiku kucha, na sufuria ilikuwa imeingia kwenye pilipili.

Alikaa chini kwenye kigoda. Sikuwahi kumwona akikaa mchana. Pilipili tulizokuwa tumezikausha zilikuwa zimekwisha karibu zote, na malori ya kwanza yalikuwa yameshaonekana Lukuledi.

"Kama ningekuwa na ulimi wangu," akasema.

"Bi, ulimi ulikuwepo. Ndio uliosema ufunguo."

Akanitazama, akacheka kidogo kwa pua. "Haya. Kalete chungu."

Nikaenda nyuma ya jiko. Chunguni, juu ya majani makavu, alikuwa amelala kuku wa Mama Rashidi, mke wa mwenye hoteli, anaatamia. Nilipoinua mkono alinidonoa kama askari wa zamu. Nikarudi kutoa taarifa. Bi Somoe alikuja mwenyewe, akachuchumaa, akaongea na yule kuku kwa Kimakonde kwa upole mwingi. Walichozungumza sijui, lakini kuku alikubali kuhamishwa na mayai yake yote mpaka kwenye sufuria mpya ya alumini. Ndani ya ile sufuria iliyong'aa, vifaranga walitotolewa salama. Baba Rashidi aliposikia alisema ndiyo sufuria ya gharama zaidi kuwahi kukaliwa na kuku wilayani.

Chungu kilichokaa bure hakitumiki hivi hivi, muelewe. Tulikisugua kwa jivu na mchanga, tukakiweka kitupu juu ya moto mdogo, tukaukuza moto polepole mpaka harufu yote ikaungua. Ukiharakisha kinapasuka. Kilipopoa, tukachemshia uji mwembamba wa pumba ndani yake, uzibe vitundu. Kesho yake kilikuwa kizima. Pilipili tuliokota kwa majirani, uani kwa huyu, kwenye uzio wa yule, nyingine mbichi bado. Bi Somoe alitaka kungoja zinyauke, malori yakakataa kungoja. Tukatwanga, nikaonja, nikasema, akaongeza, nikaonja. Nilionja mpaka midomo ikafa ganzi, akanipa maziwa na kipande cha muhogo, akasema, "Tena."

Siku hotelini palipojaa, Bi Somoe hakutoka jikoni. Alikaa mgongo umeelekea mlango. Mimi ndiye niliyechungulia na kumwambia ninachokiona.

Selemani alishika chupa ya dukani kwanza, kwa sababu iling'aa. Akamwaga juu ya nyama, akalamba, akaiinua juu watu wote waione. "Nani kaweka jemu mezani bila mkate?" Watu wakacheka. Akavuta yetu. Akamwaga, akala, akameza, akashika kipande kingine. Kisha akavua kofia na kuanza kujipepea.

"Anajipepea, Bi."

"Kabla ya kumeza au baada?"

"Baada. Amekaa kidogo kwanza."

Akakunja uso. "Amekaa kidogo," akarudia, kama mtu anayeonja neno.

Jioni Baba Rashidi alipita mezani anazishika chupa moja moja. Akaja mlangoni. "Yako imekwisha," akasema. Bi Somoe akashusha mabega. "Na ya dukani imekwisha pia." Mabega yakapanda tena. Baba Rashidi akajikuna kichwa. "Imekwisha kwenye meza zenye watoto. Wamekula nayo chipsi. Kwa hiyo naweka zote mbili. Bi Somoe, kesho uje mapema, na uje na hasira zako zote, maana Selemani ameahidi kuleta wenzake."

Watoto walipotoka jandoni, nilipanda Newala na lori la Selemani, nimeipakata chupa niliyoihifadhi ya pilipili ile ile. Kule juu kulikuwa na baridi, na ngoma tulizisikia kabla hatujaona nyumba. Issa alisimama kwenye mstari ndani ya shati jeupe lenye mikunjo ya dukani, suruali ndefu kidogo, na kofia. Bibi yake alimzunguka akipiga vigelegele, hakutaka kumaliza.

Baadaye tulikaa barazani kwake. Alileta maji ya kunawa, nami nikayatumia kwa heshima, nikijua yalikotoka. Kilikuwa chakula chake cha kwanza chenye chumvi. Alifungua chupa, akadondosha pilipili kwenye tonge la ugali, akafumba macho.

"Taya," akasema. Akatafuna. "Chumvi ipo. Halafu inangoja." Akameza. Masikio yakaanza kuwa mekundu, jasho likamtoka chini ya kilemba. "Sasa ndiyo inakuja."

Akafungua macho. "Hii siyo pilipili yangu. Yangu haingoji mtu, inapiga mlangoni."

Nikarudisha tonge langu sahanini. "Kwa hiyo niliiharibu, Bi?"

"Umeharibu nini? Si mtoto amevaa?" Akachota tonge jingine. "Nasema siyo yangu. Inangoja kwanza, kama wewe unavyongoja mtu amalize kusema. Hii ni yako, Mama Zuhura. Usiibadilishe."

Tangu hapo hoteli yetu ilikuwa na chupa tatu mezani.

Baadaye nimetumia vyombo vingi, na siwakatazi vyenu. Blenda ni nzuri. Chagueni yenye jagi la kioo, plastiki hushika harufu mpaka juisi ya embe inawasha. Bonyezeni kidogo kidogo, msizisage mbegu ziwe unga. Sufuria yoyote mpya, kabla hamjainunua kwa kazi hii, ipakeni ndimu ndani, mkae kidogo, mfute kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka cheusi, hiyo ni ya wali au ya kuku. Ile isiyoshika kutu inafaa. Chungu bado kinafaa kuliko zote.

Sasa mjue kwa nini nilinyamaza juzi. Bi Somoe alikatazwa ulimi wake kwa muda, kisha akarudishiwa. Wangu umezeeka, haurudi. Siku hizi chumvi naisikia kwa mbali, kama redio ya jirani. Mliponipa kijiko nilisikia moto tu, na nyuma ya moto hakuna sauti. Ningewaambia ni tamu, mngefurahi, mkaenda zenu, na ningekuwa nimewadanganya. Ningewaambia si tamu, ningewadanganya vilevile.

Lakini rangi yake niliiona ni nzuri, na chupa yenu niliichungulia, ilikuwa kavu shingoni. Mnajua kazi zaidi ya mnavyodhani. Kwa hiyo rudini. Njooni na pilipili mbichi, chungu ninacho, hakuna kuku. Mimi nitakaa kwenye kigoda nisikilize inavyochemka, na yule mwenye vidole vilivyovimba ndiye atakayeshika kijiko. Akionja, nitamuuliza inampiga wapi, nami nitangoja amalize kusema.